Ulimi Kizimbani

Ukitoka Kizingo kuelekea Fort Jesus, utaipita ile mahakama ya kale ya 1902, ambayo siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Wengine huiona wakawaza majaji wa Kiingereza na mawigi yao kwenye joto la Mombasa. Mimi hunijia *Vioja Mahakamani*.

Watu huuweka mchezo huu wa KBC kwenye fungu la vichekesho, wakaishia hapo. Kwangu ni hadithi ya upelelezi, tena ya kistadi. Nani mwizi? Tumeshamjua tangu anapopanda kizimbani: ni Makokha, au ni Ondiek Nyuka Kwota. Tunachokisubiri ni neno litakalomponza. Columbo, mpelelezi wa runinga ya Marekani, naye alituonyesha muuaji mapema, ila yeye alizunguka akiokota ushahidi. *Vioja* ina ulimi wa mshtakiwa, basi.

Tuseme mtu kashtakiwa kwa wizi wa kuku. Anaapa hajakanyaga boma la mlalamikaji, na nyama ya kuku yenyewe humsokota tumbo. Mwendesha mashtaka habishani naye. Anamuuliza habari za mvua, za shamba, za mama watoto. Kisha, kama mtu anayefunga faili aende zake: huyo aliyepotea alikuwa jogoo, sivyo?

"Jogoo wapi, Mheshimiwa, na mayai mawili tumeyakuta tumboni!"

Hapo sifa zote humwendea mshtakiwa. Mimi nampa yule asiyecheka. Marehemu Gibson Gathu Mbugua alipokuwa mwendesha mashtaka, kazi yake ilikuwa kuutega mtego na uso mkavu. Tabasamu likimponyoka kabla ya wakati, windo limekimbia.

Huku kwetu wapo wanaolalamika kwamba michezo hii inakiharibu Kiswahili. Sioni hivyo. Msikilize Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa *Vitimbi*, mchezo mwingine wa KBC, aliyefariki 2015. Hakuwa Mjaluo, lakini aliibeba lafudhi ya Kijaluo miaka nenda miaka rudi hata watu wakamdhania ndiye. Kukosea ovyo kila mtu anaweza. Yeye alikosea kwa mpango, silabi ileile, wiki baada ya wiki, na hasira zikipanda lafudhi haikumtoroka. Mwambie fundi wa maneno wa Kuze au Kibokoni hapa Mombasa amuigize: neno la kwanza atalipata, la pili lishamrudisha kwenye Kimvita chake.