Wana wa Kora Chini ya Mlima Hanang

Miongoni mwa Zaburi zipendwazo na sharika zetu, ile ya 46 ina mahali pa pekee. Husomwa Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, husomwa mazishini, huandikwa kwenye kadi za pole na hata ukutani mwa vyumba vya wageni. Wengi wetu tuliijua kwa moyo kabla hatujajifunza hata herufi moja ya Kiebrania. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuihakiki, maana andiko lililozoewa mno halisomwi tena, bali hukaririwa tu. Katika makala haya tunakusudia kuisoma upya tukiwa tumesimama mahali pamoja, yaani chini ya Mlima Hanang, na kuuliza kama mahubiri yetu juu ya nguvu na tumaini wakati wa taabu yameitendea haki.

Msomaji atakumbuka yaliyotokea huko. Asubuhi na mapema ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ule wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 ilimeguka. Matope, mawe na magogo yakashuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwa kimojawapo. Watu 89 walipoteza maisha. Serikali ilieleza, baada ya uchunguzi wa wataalamu, kwamba haukuwa mlipuko wa volkano: miamba dhaifu ilinyonya maji, ikalemewa, ikakatika. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, tena Jumapili ya kwanza ya Majilio, ambayo Kanisa huanza nayo mwaka wake mpya.

Katika miezi iliyofuata tulisikia mahubiri mengi juu ya msiba ule. Hatutataja wahubiri wala sharika, kwa kuwa kosa tunaloliona ni la wengi, na sisi tunaofundisha wahubiri tunastahili lawama ya kwanza. Mahubiri yale karibu yote yalisimama juu ya Zaburi ya 46, na karibu yote yaliipita mbio mistari yake ya mwanzo ili kufika upesi kwenye faraja. Machache yalidiriki kusema kwamba mlima ulitumwa kuadhibu dhambi za watu wa Katesh. Hayo hatuna haja ya kuyajadili kwa kirefu, kwa sababu Bwana wetu mwenyewe aliyajibu alipotaja habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, katika Luka 13. Mwenye kuhubiri adhabu juu ya makaburi ya watoto na akalisome tena jibu lile.

Lakini kosa lililo dogo zaidi, na lililoenea zaidi, ndilo linalotusumbua. Zaburi hii inageuzwa kuwa ahadi ya usalama: mtegemee Mungu, na hutatikisika. Kwa kweli yasemayo hivyo ni maandiko mengine. Zaburi ya 125 ndiyo inayowafananisha wamtumainio Bwana na mlima usioondoshwa, na ni andiko la kweli mahali pake. Ila Zaburi ya 46 inaanza pale ambapo mfano ule umevunjika. Mlima wenyewe umeondoka. Nchi imebadilika, maji yanavuma na kutoka povu. Mtunga Zaburi hasemi kwamba mambo hayo hayatatokea kwa waaminio. Asema wao nao wamo ndani yake. Mzee mmoja aliyezaliwa na kukua akiutazama Hanang kila asubuhi, akauona ukimshukia, ameielewa mistari hiyo kuliko mfafanuzi yeyote wa Leipzig au wa Makumira.

Yafaa pia tuangalie neno kimbilio. Mtu hakimbilii mahali kama hakimbii, wala hakimbii kama hajaogopa. Kwa hiyo ule usemi wa kutoogopa unaofuata katika mstari wa pili haukutamkwa na watu wasiojua hofu, bali na watu waliokwisha kufika wakihema. Katika mstari huo wa kwanza tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo tunaiheshimu kwa Kiswahili chake kizito, imeuweka msaada wa Mungu katika wakati ujao, kama kitu kitakachoonekana baadaye. Kitenzi cha Kiebrania kinaelekea zaidi kwenye jambo lililokwisha kupatikana: Mungu ni msaada ambao watu wameupata, wakaujua. Tofauti hiyo si ndogo. Ahadi ya baadaye mtu yeyote aweza kuitoa, hata asiyepoteza kitu. Lakini kusema kwamba msaada ulipatikana taabuni kunamhitaji shahidi, na shahidi hana budi kuwa amekuwamo. Ndiyo sababu mahubiri bora tuliyoyasikia juu ya jambo hili hayakutoka mimbarini. Yalitoka kwa mama mmoja aliyesimulia jinsi majirani walivyofukua matope kwa majembe na kwa mikono mpaka usiku, naye akanyamaza.

Labda wako watakaosema kwamba sisi Walutheri tunao wimbo wa Luther juu ya Mungu aliye ngome, na kwamba wimbo huo ndio ufafanuzi wetu wa Zaburi ya 46. Ni kweli, nao ulizaliwa katika taabu halisi. Mwaka 1527 Luther aliugua sana, tauni ikaingia Wittenberg, naye akakataa kuondoka, nyumba yake ikapokea wagonjwa. Binti yake Elisabeth, aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo, akafa Agosti 1528. Wimbo huo huwekwa kati ya mwaka 1527 na 1529. Hata hivyo mhakiki hana budi kuona kilichoachwa. Katika Kijerumani chake Luther hakuweka milima inayoondoka wala maji yanayovuma. Mahali pake alimweka adui wa kale, Shetani. Kwa vita alivyopigana yeye ilifaa hivyo. Kwa Hanang wimbo huo peke yake hautoshi, maana mwimbaji aweza kudhani kwamba matope yale yalikuwa jeshi la Ibilisi, na kwamba aliyefukiwa alishindwa vita vya kiroho. Wimbo na uimbwe, lakini Zaburi nayo isomwe yote.

Kisha uko mstari wa kumi, ambao tumeusikia ukitumiwa vibaya kuliko yote. Wahubiri waliutumia kuwanyamazisha waliao, kana kwamba Mungu anawaambia wafiwa watulie. Tazama nani anayeambiwa. Mstari wa tisa umekwisha kusema juu ya pinde zinazovunjwa na vita vinavyokomeshwa; amri inayofuata inawaelekea mataifa wenye silaha, waache. Tafsiri ya Union imechagua vema kitenzi cha kuacha, wala haikusema kunyamaza. Ni wapiganaji wanaokemewa hapo. Wanaoomboleza hawakuguswa na neno hilo.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Kichwa cha Zaburi hii kinaitaja kuwa ya wana wa Kora. Tunajua kwamba vichwa vya Zaburi ni kazi ya mikono ya baadaye, na kwamba wana wa Kora walikuwa ukoo wa waimbaji hekaluni. Lakini waliokiandika kichwa hicho walikijua kitabu cha Hesabu. Katika sura ya 16 nchi ilifunua kinywa chake ikawameza Kora na watu wake, na katika sura ya 26 lipo neno fupi, ambalo msomaji wa haraka halioni, kwamba wana wa Kora hawakufa. Basi Zaburi isemayo habari za nchi kubadilika imewekwa vinywani mwa watoto ambao nchi ilimmeza baba yao. Kwaya hiyo ni ya walionusurika.

Na kwaya hiyo hiyo inayo Zaburi nyingine, ya 88. Hiyo hatujaisikia ikihubiriwa hata mara moja katika usharika wowote. Humo mtu amlilia Mungu mchana na usiku, amwambia waziwazi kwamba ni yeye aliyemlaza shimoni, na neno la mwisho kabisa ni giza. Hakuna mgeuko wala shukrani ya kumalizia. Zaburi ya 46 yasema Mungu huusaidia mji wake asubuhi na mapema. Katika ile ya 88 mlalamikaji amefika mbele za Mungu asubuhi na maombi yake, asijibiwe. Huko Katesh asubuhi zote mbili zilikuwa moja. Israeli ya kale haikuona haya kuziweka Zaburi hizo mbili katika kitabu kimoja, kwa jina la ukoo mmoja. Sisi ndio tuliochukua moja na kuificha nyingine, kisha tunashangaa tumaini letu linasikika jepesi.

Wenyeji wa wilaya hizo wangeweza kutufundisha. Kwa Wairaqw wa Mbulu, katika slufay, mzee husema maneno ya baraka na mkutano wote humwitikia, hivi kwamba dua haibaki ya mtu mmoja. Wabarbaig wa Hanang humjengea mzee aheshimiwaye kilima cha udongo juu ya kaburi, na shughuli za mazishi hayo, bung'eed, huchukua miezi. (Makaburi ya namna hiyo yalipitiwa na matrekta ya mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa huko kwa msaada wa Kanada; hilo nalo ni ombolezo ambalo Kanisa halijaliimba.) Hatusemi mila hizo ni Injili. Twasema tu kwamba watu wanaoomboleza kwa miezi hawatafarijiwa kwa mahubiri ya dakika ishirini yenye haraka ya kufika kwenye haleluya.

Tungependekeza basi kwamba sharika za Mbulu na Hanang, zikumbukapo siku ile, zisome Zaburi ya 88 kwanza, mpaka neno lake la mwisho, bila kuongeza kitu. Mhubiri akae chini. Ikiisha nafasi ya kutosha ya kimya au ya kilio, mmoja wa walionusurika, si mchungaji, aisome ile ya 46, na kiitikio chake katika mstari wa saba na wa kumi na moja kisemwe na watu wote. Mwaka 2028 tarehe 3 Desemba itaangukia tena Jumapili ya kwanza ya Majilio.