Kula ni Lazima

Kushindwa kwenye dama si dalili ya ubovu; hata fundi hushindwa. Mchezaji mbovu hutambulika kabla hajashindwa, na mara nyingi kwa sikio. Jioni katika komini ya Dilala, hapa Kolwezi, watu wakiwa wamezunguka ubao chini ya mwembe, sikiliza ni nani anayebamiza kete mpaka za jirani zinaruka kwenye miraba yao. Huyo ndiye anayekaribia kuliwa. Fundi huisogeza yake kwa ncha ya kidole, kisha anatazama pikipiki zinazopita barabarani, kana kwamba mambo ya ubaoni hayamhusu.

Kete zenyewe ni vifuniko vya chupa. Upande mmoja hulala chali, wa pili kifudifudi, au ukipenda Simba wakae huku na Tembo kule, bia zote mbili za Brasimba ya Lubumbashi. Ubao kamili, ule wa sheria za kimataifa, una miraba 100 na kila mchezaji ana kete 20. Kwa hiyo seti moja inataka chupa 40, na ubao mpya ukionekana mtaani ujue kuna watu waliojitolea sana.

Ufundi wote wa mchezo huu umejificha ndani ya amri moja: kula ni lazima. Kete ya mwenzako ikikaa wazi mbele yako, huna ruhusa ya kuiacha. Tena, kwa sheria za kimataifa, njia zikiwa mbili, unafuata ile yenye kete nyingi zaidi, hata kama unaona wazi kwamba inakupeleka pabaya. Mchezaji mbovu huisikia amri hii kama mwaliko wa karamu. Akipewa kete ya kwanza anacheka. Akipewa ya pili anawageukia watazamaji, awahesabie ushindi wake. Kwenye ya tatu kicheko kinapungua, maana sasa kete zake zimetawanyika, mstari wa nyuma uko wazi, na yule aliyekuwa anatazama pikipiki amerudisha macho.

“Yaya, kula basi!”

“Niko naona, niko naona.”

Hapa Lualaba mtu akisema mara mbili kwamba yuko anaona, ujue haoni kitu. Anakula, kwa kuwa ni lazima. Kisha kifuniko kimoja cha mwenzake kinaruka, kinaruka tena, kinazunguka na kutua mstari wa mwisho. Hapo kinapandishwa cheo, kinawekewa kifuniko cha pili kichwani, nacho kinaitwa dama. Fundi ametoa tatu, amechukua tano, na sasa ana dama inayopita ubao mzima kwa hatua moja. Hakumpokonya mwenzake kitu. Alimlisha tu, akajua kila tonge litapita wapi.

Dalili nyingine ni ya mkono. Mbovu akiruka kete nyingi huziokota njiani, moja baada ya nyingine, kwa haraka ya mtu anayeogopa zitabadili nia. Sheria inakataza. Kete zilizoliwa huondolewa baada ya mruko mzima kwisha, na hakuna ruhusa ya kuiruka kete moja mara mbili. Wasiojua huona huo ni urasimu. Lakini humo ndimo linamotoka pigo zuri kuliko yote, lile liitwalo pigo la Kituruki: dama inakuja kwa kiburi, inakula huku na kule, halafu inajikuta imekwama katikati, kwa sababu kete ilizokwisha kuziua bado ziko ubaoni na zimeziba njia. Mpinzani anayejua hesabu hiyo anaisubiri palepale. Anayeokota kete njiani hawezi kamwe kulitunga pigo hili, wala kuliona likimjia.

Visingizio tunavijua: jua lilikuwa machoni, bukari ya mchana ilikuwa nzito, wanaosimama nyuma wanamvuruga. Nivipite. La ajabu zaidi ni kwamba mtu huyohuyo, akiinuka na kusimama nyuma ya wengine, anakuwa mshauri hodari. Anaonyesha kwa kidole, anashika kichwa, anaona mtego hatua mbili kabla. Nimelifikiria sana jambo hili. Akisimama anatazama pande zote mbili. Akikaa, anaziona kete zake tu. Mpinzani anakuwa kama hayupo, mpaka anapokula.

Ng'ambo ya mpaka, katika ukanda huuhuu wa shaba, Ndola ilimtoa Amon Simutowe, aliyepata cheo cha mkuu wa sataranji mwaka 2009. Kwa heshima yote, mimi naona sataranji inamhurumia asiyejua. Ni kweli, mjinga anaweza kufungwa mfalme kwa hatua 2 tu, lakini akitupiwa chambo anaweza kukikataa na kuishi. Dama haina huruma hiyo. Baba Sy wa Senegal aliijua vizuri. Mwaka 1960 alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa dama ya miraba 100. Mwaka 1963 alitakiwa kupambana na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti kuamua bingwa, na mapambano hayo hayakufanyika. Baba Sy alifariki katika ajali ya gari mwaka 1978, na taji lake la 1963 lilitambuliwa rasmi mwaka 1986. Sijui mchezaji mwingine aliyesubirishwa hivyo.

Kwenye dama ya Kiingereza, ile ya ubao mdogo wa miraba 64, Jonathan Schaeffer na wenzake huko Kanada walimaliza hesabu mwaka 2007: wawili wasiokosea hata kidogo watatoka sare. Ubao wa miraba 100 bado haujamalizwa. Ningeomba habari hii isifike Dilala, kwani najua nani ataanza kusema kwamba hata kompyuta haijaweza.

Na kuna siku mbovu anashinda. Si muujiza. Fundi hujipanga dhidi ya mpango, na mwenzake hana mpango. Anatafuta mtego pasipo mtego, anajikinga kwa kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, na kete moja iliyosukumwa bila sababu inakuta mlango wazi. Basi jioni hiyo mtaa mzima utasimuliwa, toka mruko wa kwanza mpaka wa mwisho, na hakuna atakayekumbushwa zile nyingine. Fundi akiomba revanshi ataambiwa angoje zamu, bingwa amechoka.