Kamusi ya Mzee Albert

Kitabu cha hadithi kiitwacho The Yield kilipigwa chapa mwaka 2019, na mwaka 2020 kikapewa tuzo ya Miles Franklin, iliyo na sifa kuu katika vitabu vya Australia. Mtungaji wake ni Tara June Winch, wa kabila la Wawiradjuri. Twakitazama hapa kwa kuwa kiini chake chatuhusu sisi walimu, yaani kamusi na misioni.

Zamani hadithi za wenyeji wa nchi ile zilitungwa na Wazungu. Katharine Susannah Prichard alitoa Coonardoo mwaka 1929, akaonyesha jinsi maisha ya mwanamke mwenyeji yalivyoharibika katika shamba la ng'ombe la Mzungu. Ni kitabu chenye huruma, nacho kilichukiza wengi; walakini Coonardoo mwenyewe hunena machache mno.

Katika kitabu cha Winch mwenyeji ndiye mwenye kalamu. Mzee Albert Gondiwindi, akijua kifo ki karibu, aandika kamusi ya lugha yake, akianzia mwisho wa alfabeti na kurudi nyuma, kwani ulimwengu wa Wazungu aliokulia aliuona umegeuzwa kinyume. Kila neno lavuta kisa chake: mto, mababu, watoto walioondolewa kwao. Mjukuu wake August arudi kutoka Uingereza kwa maziko, akuta kampuni yataka kuchimba bati katika nchi yao. Tena iko barua ya mwaka 1915 ya Mchungaji Greenleaf, mwanzilishi wa misioni ya Prosperous.

Jina la kitabu lastahili kufikiriwa. Kwa Kiingereza neno lile ni kile mtu akitwaacho katika ardhi; kwa Kiwiradjuri, baayanha, Albert alieleza kuwa ni kile mtu akitoacho, na nafasi iliyopo kati ya vitu. Je, sisi tungelifasirije? Tukisema mavuno, twaweka mbele mkono wa mvunaji. Tukisema mazao, ardhi yenyewe ndiyo izaayo, kama mama. Hata hivyo hatujafikia kutoa kwa Albert. Ugomvi wote wa walowezi na wenyeji umo katika neno hili moja, na mtungaji hakuhitaji kuhubiri.

Si yote yaliyo sawa. Kampuni ya machimbo ni kama fisi wa ngano, haina uso, na mambo ya August mwishoni yaenda mbio. Bali Greenleaf ni mtu kamili: awatetea watu wake mbele ya ukatili wa walowezi, na huku dhamiri yamchoma kwa kazi yake mwenyewe. Wachungaji wasomao wasiiruke barua ile, ijapo ni nzito.

Wamisionari wa C.M.S. walifika kwa Wawiradjuri, bonde la Wellington, mwaka 1832; mwenzao aliyefika baadaye, Günther, aliandika sarufi na maneno ya lugha ile. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa wa chama hicho hicho, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882. Kiswahili kilikua, Kiwiradjuri kilikaribia kunyamaza, hata mzee Stan Grant na John Rudder walipokitungia kamusi mpya. Winch aliitumia kazi yao, na kurasa za mwisho za kitabu chake zina maneno ya Albert yote pamoja, na maana zake.