Akiba ya Inchi Moja

Ukitaka kumjua fundi cherehani, chukua gauni aliloshona uligeuze upande wa ndani. Kwa nje kila fundi hupendeza: kitenge kina maua yake, pasi imepita, vifungo vimepangwa sawasawa. Ndani ndiko kazi inakojieleza. Ukikuta kitambaa kimekatwa hadi ukingoni mwa mshono, kimebaki kijiukanda cha sentimita moja kilichozungushiwa overloki, ujue gauni hilo lilishonewa mwanamke wa siku ile ya vipimo, basi. Ukikuta ubavuni, kiunoni na chini ya kwapa imeachwa inchi nzima, ikapigwa pasi ikalala, hapo pana fundi aliyewaza mbele. Kamshonea mteja gauni la leo na la miaka kumi ijayo kwa mkupuo mmoja.

Namsifu fundi huyo kwa sababu ndiye mtu pekee mwenye jambo la maana la kutuambia sisi wanawake kuhusu kuvaa na umri. Wengine wote wana makatazo. Ukifika hamsini achana na rangi kali. Mikono wazi ni ya mabinti. Mtu mzima avae rangi za udongo, nguo pana, ajisitiri akae pembeni. Siku hizi limezuka kundi la pili linalopiga kelele upande wa pili: umri ni namba tu, vaa ulichovaa ukiwa na ishirini. Makundi haya hugombana, lakini yote mawili yanabishania umri. Fundi hashoni umri. Anashona mabega, mgongo, kiuno na nyonga, na vitu hivyo vina tabia yake inayojulikana.

Tuanze na kiuno. Hedhi inapokoma, na kwa wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani huanza kuhamia tumboni. Ndiyo maana mwanamke anaweza kupanda mizani akakuta kilo zake ni zilezile, na bado zipu ya gauni la mwaka juzi ikagoma katikati ya mgongo. Matiti nayo hushuka. Mabega husogea mbele, mgongo wa juu ukajikunja kidogo. Visahani vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hupungua unene, na kimo hupungua navyo. Bega linaweza kukaza hata kuufikisha mkono nyuma ikawa shughuli, na vidole vikapata baridi yabisi. Na kuna lile joto la ghafla linalompanda mtu akiwa amekaa tu kikaoni, likamwacha shingo imelowa.

Kila badiliko huacha alama yake kwenye nguo, na fundi mzuri huzisoma alama hizo kabla hujafungua mdomo. Akiona upindo wa nyuma umepanda na wa mbele umeshuka, shingo ya gauni inakaba koo, na juu ya kifua kitambaa kimejirundika, hatasema gauni limekuwa dogo. Atajua mgongo umeomba urefu ambao kifua hakiuhitaji tena. Kwa hiyo atafumua mabega, asogeze mshono wa begani mbele kidogo, aongeze kitambaa nyuma chini ya shingo, apunguze mbele. Mikunjo ya kifua ataishusha, maana mkunjo unaoelekea mahali titi lilipokuwa zamani ndio unaolifanya gauni zuri lionekane la kuazima. Lastiki ataiweka kiunoni nyuma tu, mbele pabaki pametulia. Zipu ataihamisha kutoka mgongoni hadi ubavuni, au aiondoe kabisa aweke vifungo vikubwa mbele, ili mwenye gauni asihitaji kumwita mjukuu kila anapovaa. Bitana ya nailoni ataitoa aweke ya pamba.

Mikono ni somo lake peke yake. Watu hudhani mwanamke mtu mzima hutaka mkono mrefu ili kuficha ngozi. Wapo wanaotaka hivyo. Wengi zaidi wanataka mkono utakaowawezesha kuinua kikombe, kupiga makofi, kumbeba mtoto, bila gauni zima kupanda juu. Hapo fundi hurudia maarifa ya washona kanzu wa pwani: kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe kinachotiwa chini ya kwapa ili mkono uwe na pa kwendea. Ni kitambaa kisichozidi kiganja, nacho hutenganisha gauni la kukaa na gauni la kuishi.

Sasa twende kwenye hesabu ya ile inchi. Gauni lina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono unaunganisha kingo mbili. Jumla kingo nne. Ikiwa kila ukingo uliachiwa inchi moja, fundi anaweza kutoa nusu inchi kila upande, akabakisha nusu ya kushikilia mshono, na gauni likapata inchi mbili za mzunguko. Mwanamke aliyekuwa ameshalikunja gauni lake la harusi ya dada yake na kulifungia sandukuni, kwa inchi mbili hizo analivaa Idi ijayo. Na kama akiba haitoshi, fundi hukata ukanda wa kitambaa kingine, cheusi au cha rangi iliyomo ndani ya maua, akautia ubavuni kuanzia kwapani hadi chini, kama taharizi ya kanzu. Akiweza kazi, watu watauliza mshono ule mpya umetoka wapi.

Haya yote si rahisi kama yanavyosimuliwa. Kitambaa kilichojificha ndani ya mshono hakikuona jua wala sabuni nyingi. Ukikifungua, rangi yake ni kali kuliko ya nje, na pale sindano ilipopita zamani pamebaki mstari wa vitundu. Uzi wa rangi ya kitenge kilichopauka haupatikani kirahisi. Fundi anafumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na mkono ukiteleza hakuna kitambaa kingine cha kufidia, kwa kuwa kitenge kile kilitoka toleo lile na halitachapwa tena. Anayeshona gauni jipya ana yadi zake sita mezani na uhuru wa kukata atakavyo. Anayerekebisha anafanya kazi ndani ya maamuzi ya mwenzake aliyetangulia, pamoja na makosa yake.

Mtihani wa ufundi huu hufanyika kila mwisho wa wiki mbele ya macho yetu, kwenye sare za harusi na kichen pati. Kamati imechagua kitambaa kimoja, labda Kariakoo, labda Biashara Street kule Mombasa. Binti wa miaka ishirini amepewa kilekile alichopewa mama yake na kilekile alichopewa bibi yake. Rangi ni moja, maua ni mamoja, na hakuna wa kusingizia kitambaa. Tazama wanapoingia ukumbini wakicheza. Binti amekatiwa gauni la solo, la kubana na lenye mpasuo. Mama ana gauni lililoshuka wima kutoka kifuani, shingo imefunguka kidogo kwa ajili ya mkufu. Bibi ana blauzi ya vifungo mbele na sketi yenye lastiki, na juu amejifunga kilemba cha kitambaa hichohicho, kirefu kuliko cha wote. Watatu wamependeza, na bibi ndiye anayepigwa vigelegele. Huyo hakuficha rangi wala hakuvaa nguo ya mjukuu. Alipata mshono wake.

Mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, alituonyesha jambo hilohilo kwa kiwango cha dunia. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 alikuwa na miaka 64, na kwa muda mrefu watu walikuwa wanamtambua kwa mbali kwa magauni yake ya vitambaa vya Kiafrika vyenye rangi zilizoiva, pamoja na kilemba cha kuoana. Rangi hazikufifia kadiri umri ulivyosogea. Kilichobaki ni mtindo, na mtindo ni kile mtu anachokishikilia huku vipimo vikibadilika. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mwimbaji Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013 akiwa mkongwe ambaye hata umri wake ulibishaniwa: kanga zake zilimfuata majukwaani hadi uzeeni.

Kanga yenyewe inafundisha mengi hapa. Ni kipande cha takriban mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, chenye pindo, mji na jina, na haikatwi zaidi ya kutenganisha doti. Haijui kiuno cha mtu. Kanga ya mwali humfaa mzazi, ikamfaa mjane, ikamfunika mtoto mgongoni, na kila anayejifunga huamua mwenyewe pa kukazia na pa kuachia. Kisutu chekundu, cheusi na cheupe alichovaa bibi arusi kinaweza kuonekana miaka mingi baadaye mabegani mwa mwanamke yuleyule, naye sasa ndiye anayewaelekeza mabinti wengine. Tangu wanawake wa Unguja na Mombasa walipoanza kuivaa mwishoni mwa karne ya 19, kanga haikuwahi kumdai mwanamke abaki na mwili wake wa ujana. Gauni lililokatwa linadai, na ile inchi ya ndani ni njia ya fundi ya kulirudishia gauni uhuru ambao kanga inao tangu kiwandani.

Na ufundi huu hauishii kwenye mkasi. Mwanamke anapovuliwa kitenge cha juu na kuzungushiwa futi kamba mbele ya mafundi wengine watatu barazani, yuko mahali pa hatari. Fundi hovyo hutamka namba kwa sauti, akacheka, akasema, "Mama umejaa!" Fundi anayejua kazi husoma kimya, huandika kwenye daftari, kisha husema, "Mama, safari hii tuachie hewa kidogo hapa kati, kitambaa kianguke vizuri." Ameyasema yote, hakuvunja heshima. Hamwulizi mteja kama bado anataka kuvaa mshono wa picha aliyoileta kwenye simu, ingawa aliyepigwa picha ana miaka ishirini na mbili. Anaitazama, anauliza kilichompendeza ni shingo au ni mikono, kisha anakichukua hicho na kukihamishia kwenye mwili uliosimama mbele yake. Kazi hiyo ya kutafsiri picha kuwa mtu haifanywi na duka lolote la nguo za tayari.

Nguo za tayari, za dukani na za mtumba, zina faida yake, na wengi wetu tusingemudu bila hizo. Ila zilikatwa kwa ajili ya kuuzwa kwa wengi, kwa hiyo kitambaa cha ndani kilihesabiwa kuwa hasara. Ukizidi, unanunua nyingine. Hivyo ndivyo mwanamke anavyozoeshwa kuamini kwamba mwili wake ndio uliokosea, wakati kilichokosekana ni kitambaa.

Basi siku ya kupeleka kitambaa kwa fundi, kwanza kifue, kwa kuwa pamba hunywea ikionja maji. Mwambie akuachie inchi pembeni na upindo mpana chini. Akisema hakitoshi, ongeza nusu yadi kabla ya kupunguza akiba. Na siku utakaporudi na gauni lilelile mkononi, usimwambie ni kazi ndogo, usimpe nauli ya bodaboda ukaiita malipo. Utakuwa unamwomba asome mwili wako upya, afumue bila kutoboa, afiche mistari ya zamani, akurudishie rangi uliyoipenda katika umbo ulilonalo. Hilo ni gumu kuliko alilofanya mara ya kwanza. Mlipe kama aliyekushonea gauni jipya, maana ndilo unaloondoka nalo.