Swichi pepe na mfano mbovu wa barabara ya njia nne

Muulize fundi kwa nini seva imewekewa kadi mbili za mtandao, mara nyingi atakujibu: ni kama kupanua barabara. Mfano mtamu, unaeleweka haraka, ila unapotosha. Ndio unaowafanya watu waingie kwenye mipangilio ya swichi pepe na kuchagua hashi ya IP, wakidhani wamebonyeza kitufe cha kuongeza spidi mara mbili.

Tukumbushane kidogo. Swichi pepe ni programu ndani ya seva inayounganisha mashine pepe na kadi halisi. Kadi zikiwa mbili, lazima iwepo kanuni ya kuamua pakiti ipi ipite wapi. Kwenye vSphere ya VMware, kanuni unayoikuta bila kugusa kitu ni ya tundu: kila mashine pepe inapewa kadi moja na inabaki nayo. Hashi ya IP inachukua anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, inapiga hesabu, kisha baki ndiyo inachagua kadi.

Mfano wa haki zaidi ni daladala. Kutoka Mbagala kwenda Mwenge unaweza kupitia Barabara ya Mandela au ya Kawawa. Kanuni ya tundu ni kama rangi ya ubavuni: gari hili ni la Mandela, basi. Hashi ya IP inamuuliza kila abiria anatoka wapi na anashukia wapi. Lakini wote wenye jibu moja watapitishwa barabara moja, hata kama nyingine ni nyeupe. Hakuna anayeangalia foleni!

Tupige hesabu. Anwani ya mashine pepe inaishia na 10, ya seva ya bakapu inaishia na 20. Zote shufwa, kwa hiyo kwa kadi mbili baki ni 0: kadi ya kwanza. Bakapu ya terabaiti 2 itapita hapo usiku kucha. Kwa gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabaiti 125, ni karibu saa 4 na nusu bila msongamano wowote. Kadi ya pili inakoroma tu. Ofisi ya Temeke iliyotaka bakapu iishe kabla ya watu kuingia kazini haijaokoa hata dakika moja.

Tena hashi ya IP inadai matundu ya swichi halisi yafungwe pamoja kama njia moja. Kama swichi yako ni ile ya bei poa isiyopangika, itaona anwani moja ya MAC ikirukaruka kati ya matundu mawili, na pakiti zitapotea. Watumiaji watalalamika net inakata, na lawama itaenda kwa kampuni ya intaneti.

Ipo kanuni inayoangalia foleni: kila sekunde 30 inapima, na kadi ikizidi asilimia 75 inahamishia mashine pepe kwingine. Ila inataka swichi pepe iliyosambazwa, ambayo leseni yake si ya ofisi ndogo. Na hata yenyewe haigawi mashine moja kwa kadi mbili.

Kasoro kubwa ya mfano wa barabara ni kutusahaulisha uhai: kadi moja ikifa, nyingine ishike. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja, na Tanzania nzima ikaumia. Kadi mbili zilizochomekwa kwenye swichi moja, umeme wa ekstensheni moja, ni hadithi ile ile.

Kwa hiyo ofisi nyingi za Kinondoni na Temeke ziache kanuni ya tundu, zichomeke kadi kwenye swichi mbili tofauti. Hashi ya IP ifae pale mashine moja inapohudumia wateja wengi wenye anwani tofauti, na swichi halisi inakubali kufunga matundu. Bakapu ikichelewa, dawa ni kadi na swichi za gigabiti 10, au kunakili yaliyobadilika tu badala ya kila kitu kila usiku.