Mlio na Kilio: Nafasi ya Tanakali katika Isimu ya Kiswahili

Aghalabu maneno kama “pu”, “chubwi”, “fofofo” na “kwikwi” huwekwa mwishoni mwa vitabu vya sarufi, pamoja na viingizi, kana kwamba ni makombo yaliyosalia baada ya karamu ya nomino na vitenzi. Mwanafunzi hufundishwa kuyaita tanakali za sauti, huagizwa ayakariri kwa orodha, kisha huambiwa kwamba kazi yake ni kupamba masimulizi. Mtazamo huu una mizizi miwili: nadharia ya isimu iliyozaliwa Ulaya, na jina lenyewe ambalo maneno hayo yamepewa katika Kiswahili. Yote mawili yastahili kupimwa upya. Pa kuanzia ni katika maneno ya kulia, kwani hapo sauti na maana hukaribiana mno.

Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ya Geneva ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba uhusiano baina ya umbo la neno na maana yake ni wa nasibu. Alitambua kuwa miigo ya sauti yaweza kutolewa kuwa pingamizi, naye akaijibu kwa hoja tatu: kwamba maneno hayo ni machache; kwamba si viungo hai vya mfumo wa lugha; na kwamba hata hayo yenyewe yametokana na mapatano kwa kiasi fulani, kwa kuwa mlio wa mbwa hauandikwi namna moja katika Kifaransa na Kijerumani. Hoja ya tatu haina budi kukubaliwa. Hoja mbili za kwanza ndizo zenye kutiliwa shaka pindi zinapoletwa mbele ya lugha za Afrika.

Kwa mtazamo wa kwanza, kitenzi “lia” chamuunga mkono Saussure. Mzizi wake ni wa kale na waonekana katika lugha nyingi za Kibantu: Kikuyu husema “-rĩra” na Kinyarwanda “-rira”, ilhali katika Kiswahili konsonanti ya kati imedondoka. Asiyeijua lugha hawezi kuusikia uchungu wowote ndani ya silabi hizo mbili. Tena matumizi ya kitenzi hiki ni mapana mno: mtoto hulia, ndege hulia, kengele hulia, na bunduki pia hulia. Kinachotenganisha ni ngeli. “Mlio” ni wa chochote chenye kutoa sauti. “Kilio” ni cha mwenye uchungu, hata neno hilo likafikia kuwa jina la msiba wenyewe, na watu husemwa kuwa wamekwenda kilioni. Hapa hapana mwigo wa sauti. Ni sarufi tupu ifanyayo kazi.

Lakini lile ambalo “lia” hulipita kwa upana wake, maneno mengine hulidaka. “Kwikwi” ni jina la kukatika kwa pumzi, iwe ni ya mtu aliyekula kwa pupa au ya mtu aliyeshikwa na majonzi. Kusema kwamba mtu analia kwa kwikwi ni kutaja aina ya kilio ambayo “lia” peke yake haiwezi kuieleza. “Yowe” si “kite”, na “kite” si “kigelegele”: la kwanza huita watu, la pili huvuja kwa maumivu, la tatu hutangaza furaha, na ndani ya hilo la tatu ule mtikisiko wa ulimi umebaki katika silabi zinazorudiwa. Vivyo hivyo “nong'ona”, “guna”, “koroma” na “bweka” ni vitenzi ambavyo sauti ya kitendo bado yasikika ndani yake. Hata hivyo vitenzi hivi hunyambuka kama vinginevyo. Kutokana na “nong'ona” hupatikana “nong'oneza”, “nong'onezana” na “mnong'ono”. Kiungo kisicho hai hakizai watoto kwa utaratibu huo.

Ushahidi wa wazi zaidi umo katika methali isemayo kwamba chururu si ndo ndo ndo. Methali nzima imejengwa kwa miigo miwili ya maji: mtiririko mwembamba usiokatika kwa upande mmoja, na matone yafuatanayo kwa upande wa pili. “Chururu” imekaa mahali pa kiima, “ndo ndo ndo” imekaa mahali pa kijalizo, na kiunganishi chao ni kikanushi “si”. Maana yategemea msikilizaji atambue tofauti ya sauti hizo mbili, kisha aivushe hadi katika mwenendo wa binadamu. Kuyaita maneno hayo pambo ni kusema kwamba methali hiyo haina chochote ila pambo.

Hitilafu ya pili imo katika jina. Istilahi “tanakali za sauti” yafaa kwa “pu” ya kitu kiangukacho na “chubwi” ya kitu kitumbukiacho majini. Lakini husemwa pia kwamba nguo ni nyeupe pe, kwamba kitu ni cheusi tii, kwamba mtu amelala fofofo, na kwamba mahali pako kimya jii. Weupe hauna mlio wa kuigwa, na kimya, kwa maana yake, ni kukosekana kwa sauti. Clement Doke, katika kazi yake ya mwaka 1935 kuhusu istilahi za isimu ya Kibantu, aliliona jambo hili. Fasili yake ya kundi hili la maneno haikuishia kwenye sauti, bali ilijumuisha namna, rangi, harufu, kitendo na hali. Wajapani nao huyatenga kwa majina mawili: giongo kwa yale yaigayo sauti, na gitaigo kwa yale yachoreayo hali isiyo na sauti. Kiswahili kinazo aina zote mbili, ila kimezifungia katika jina la mojawapo.

Jina hilo huficha jambo jingine. “Pe” haiwezi kufuata “nyeusi”, wala “tii” haiwezi kufuata “nyeupe”. Uteuzi huo haukuamriwa na maumbile bali na mapatano ya wasemaji, yaani ile ile nasibu aliyoitetea Saussure. Kwa hiyo maneno aliyodhani yako pembezoni mwa mfumo yanaonyesha mfumo ukitenda kazi.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba “pu” na “fofofo” hayapokei viambishi, na kwamba ni nadra kuyasikia katika sentensi ya kukanusha: husemwa kwamba embe limeanguka pu, lakini si kawaida kusema kwamba halikuanguka pu. Hili ni kweli. Lakini kutopatana na ukanushi si kukosa sarufi. Ni kanuni ya kisarufi, na lingekuwa jukumu la mwanaisimu kuieleza badala ya kuihesabu kuwa dosari.

Suala hili si la istilahi tu. Mwaka 1910 Lucien Lévy-Bruhl aliitumia mifano ya Kiewe iliyokusanywa na Diedrich Westermann, pamoja na wingi wake wa maneno ya kuchorea aina za mwendo, kudai kwamba watu wa jamii alizoziita duni hufikiri kwa picha bila kufikia dhana. Kijapani, chenye utajiri ule ule, chatosha kuivunja hoja hiyo. Hata hivyo kivuli chake hubaki kila tanakali zinapohesabiwa kuwa lugha ya watoto, na kila mkusanyaji wa ngano anapozifuta ili andiko lake lionekane nadhifu. Anayefuta “pu” ya fanani hufuta mwisho wa tendo, kwa maana mara nyingi ndiyo ielezayo uzito wa kilichoanguka na mahali kilipoangukia.

Yafaa basi kamusi zionyeshe kila tanakali pamoja na kitenzi au kivumishi iambatanacho nacho, kwa kuwa nje ya uandamani huo maana yake hufifia. Yafaa pia mtahini aache kudai orodha, amtake mwanafunzi aeleze kwa nini mtu hulala fofofo lakini haanguki fofofo. Swali hilo moja lingemfundisha isimu zaidi ya kurasa nyingi za kukariri.