Mkama Ndume kwa Lugha ya Wageni

Nilikulia Wete, na mpaka nafika miaka thelathini na tatu sikuwahi kuikanyaga Pujini. Si ajabu sana. Sisi watu wa Pemba tunazijua hadithi za magofu kuliko magofu yenyewe. Bibi yangu, mzaliwa wa upande wa Chake Chake, alikuwa akimtaja Mkama Ndume kama mtu anayemdai fedha. Mkubwa akituma watoto bila huruma, "huyo naye Mkama Ndume." Mzigo wa kuni ukimwelemea njiani, "hata Mkama Ndume asingenibebesha hivi." Lakini kufunga safari ya kilomita kama kumi kutoka Chake kwenda kuitazama ngome yake? Kwenda kufanya nini?

Nilikwenda hatimaye kwa sababu ya Waitaliano wawili. Mtu na mkewe, walimu wastaafu, tulikutana kwenye nyumba ya wageni ya Chake nilipokuwa nimefikia kwa kazi ya gazeti. Walikuwa wamekodi gari na mtembeza wageni wao peke yao, siti moja ilikuwa tupu, wakanikaribisha. Basi nikaingia Pujini kama mtalii, kwenye kisiwa changu, nikisimuliwa kwa Kiingereza.

Naandika juu ya ziara ile kama ninavyoandika juu ya kitabu, kwa sababu kwa maoni yangu ni kazi ya fasihi. Ina msimulizi na hadhira, ina mwanzo na mwisho, na kama kazi yoyote ya fasihi ina mambo iliyoamua kuyaacha nje. Ngano za bibi zetu tumezihakiki vyuoni hadi zikachoka. Simulizi hii inayotolewa kwa wageni kila msimu, kwa malipo, hatujaiandikia hata aya moja.

Nianze na sifa, kwa sababu zipo. Msimulizi wetu ni mzee wa makamo aliyewahi kusomesha skuli, na anajua kushika darasa. Hakuanzia getini. Alituacha tushuke garini, tutembee kwenye majani, tuipite mibuyu, kisha akasimama juu ya tuta, akanyamaza. Mwisho yule mama wa Kiitaliano akauliza, "Ngome yenyewe iko wapi?" Naye akajibu, "Umesimama juu yake." Ndivyo Pujini ilivyo: si kasri la kukupokea kwa milango na nguzo. Ni boma la udongo na mawe lililolala, kuta zilizobomoka, chokaa iliyobaki hapa na pale, na mikoko upande wa bahari. Mtu asiyeelekezwa anaweza kupita akadhani ni kichuguu kikubwa. Mzee yule alijua kwamba kazi yake ya kwanza ni kutufundisha kuona, na aliifanya vizuri.

Kisha akatupeleka kwenye kisima, na hapo ndipo ziara ilipopata moyo wake. Hadithi ni maarufu: Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta ndani ya kisima. Mmoja anashuka ngazi kuchota, mwingine anateka kwa ndoo na kamba, wasionane hata kwa bahati mbaya. Mzee alizigeuza sauti za wake wale, mmoja kwa puani, mwingine kwa maringo. Waitaliano walicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, sitakataa. Nikaangalia saa: dakika kumi na nne kisimani.

Tulipokuwa tunarudi kwenye gari, karibu na ukuta wa nje, akasema kama anayekumbuka kitu kidogo: watu waliojenga ngome hii walilazimishwa kubeba mawe vichwani huku wakijiburura kwa makalio. Akaonyesha kidogo kwa kuyumbisha kiuno. Kicheko tena. Sekunde thelathini, basi. Tukapanda gari.

Mimi sikucheka mara ile. Nilimsikia bibi.

Kwa sababu kwa bibi, hadithi yote ilikuwa hiyo. Wake wawili aliwajua, lakini aliwataja kama pambo. Uzito wake wote aliuweka kwenye mawe: nani aliyabeba, kwa namna gani, na kwamba aliyesimama ili kunyoosha mgongo aliadhibiwa. Na alipokuwa akisimulia hakusema "watu wake" wala "watumwa wake". Alisema "walitubebesha". Alizaliwa karne nne na zaidi baada ya ngome ile, na bado alisema "tu".

Litazame jina lenyewe. Mkama ni mwenye kukama, kama unavyokama ng'ombe. Ndume ni wanaume. Mkamuaji wa wanaume: mtawala aliyewakamua watu mpaka tone la mwisho. Mapokeo mengine humpa jina la Muhammad bin Abdulrahman, na huenda ndilo alilotaka aitwe. Lakini hakuna mfalme anayejiita mkamuaji. Jina lile alipewa na waliokamuliwa, na ndilo lililoshinda. Lake la heshima linajulikana na wachache. Lao la uchungu linajulikana na kila mtoto wa Pemba. Nikifikiria sana, naona hii ndiyo hazina kubwa ya Pujini kuliko kisima: ngome iliyobaki kwenye kumbukumbu kwa jina lililotungwa na wabeba mawe.

Nililiona hili vizuri zaidi njiani, kwa msaada wa yule bwana wa Kiitaliano. Alitoa simu akanionyesha picha za Villa d'Este, kule Tivoli karibu na Roma, walikotembezwa mwaka mmoja kabla. Bustani ya ajabu kwa kweli: mamia ya chemchemi, maji yanapanda, yanamwagika, yanaimba. Kardinali Ippolito d'Este aliianzisha katikati ya karne ya 16, muda si mrefu baada ya zama za Pujini. Mchoraji wa ramani yake anajulikana, Pirro Ligorio. Maji yalichukuliwa kutoka mto Aniene, na ili bustani ipate nafasi nyumba za watu zilinunuliwa na kubomolewa. Tangu 2001 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nikamuuliza yule bwana: waliochimba mifereji mliambiwa habari zao? Waliobomolewa nyumba waliitwaje? Akafikiri, akasema waliambiwa habari za kardinali na hamu yake ya kuwa Papa. Mkewe akaongezea: "Kwetu hakuna anayemwita kardinali mkamuaji."

Sentensi ile nimekaa nayo muda mrefu. Huko kwao jiwe limebaki zima, na kumbukumbu ya mwenye kasri imebaki nzima pamoja nalo. Kwetu jiwe limeanguka, lakini kumbukumbu iliyosimama ni ya aliyelibeba. Sasa sisi tunampa mgeni nini? Tunampa kilichoanguka, na kile kilichosimama tunakigeuza kuwa mzaha wa kiuno.

Fasihi yetu ilishalijua jambo hili zamani. Kasri limeandikwa kwa namna mbili katika visiwa hivi. Kuna kasri la aliyezaliwa ndani: Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kufa akiitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Ni kitabu kizuri. Ua wa Mtoni unauona, ndege na wanyama wake, mahamamu yake, pilikapilika za watu wake. Lakini hicho hicho kitabu kinautetea utumwa bila haya, kwa sababu anayetazama amekaa barazani. Halafu kuna kasri la anayefagia. Shafi Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya 1978, anatuingiza kwa mlango wa nyuma, pamoja na Kijakazi, mtumishi ambaye hata jina lake ni kazi yake. Baada ya kitabu kile huwezi tena kupita mbele ya jumba kubwa Unguja bila kujiuliza nani alikuwa akichota maji. Ziara ya Pujini ina malighafi ya Shafi, lakini imechagua macho ya barazani.

Na usinielewe vibaya, sisemi hadithi ya bibi ndiyo kweli tupu na ya mtembeza wageni ni uongo. Akiolojia ina maneno yake, na hayampendezi yeyote kati yetu moja kwa moja. Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliyechimba Pujini, ameonyesha kwamba ngome ile ni ya karne ya 15 na 16, na kwamba boma kubwa namna ile si jambo la kawaida katika miji ya mawe ya Waswahili ya wakati huo. Kuna chumba cha chini ya ardhi cha kushukia kwa ngazi ambacho utafiti unakisoma kama mahali pa ibada na mizimu. Kwa hiyo mwenye Pujini hakuwa mchapaji watu tu. Alikuwa na imani yake, na bila shaka alikuwa na wakumwogopa nje ya kisiwa, maana mtu hajengi boma bila hofu. Inawezekana pia ubaya wake ulinogeshwa na waliokuja baada yake. Waliovunja ngome huwa wanahitaji sababu ya kuivunja. Hata "tu" ya bibi inafaa kuhakikiwa.

Lakini uhakiki unahitaji kwanza maneno yasemwe. Huwezi kuipima simulizi ambayo imekatwa ili wageni wasinune.

Siku ya tatu nilirudi kwa yule mzee, peke yangu, bila gari ya kukodi. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umesahau kitu?"

Nikamwambia nataka anisimulie Pujini kwa Kiswahili. Akacheka. "Si umeshaisikia?" Nikasema niliyoisikia ni ya wageni. Akanyamaza, vile vile kama juu ya tuta. Kisha akaanza, na hakuanza na kisima. Alianza na mawe. Alisema namna walivyoyatoa, namna walivyoyapanga mstari, nani alipigwa. Makalio yalikuwemo, lakini safari hii hakuyumbisha kiuno. Alishika mgongo wake. Na alipofika kwenye kuta akasema, sikumuuliza, "walitujengesha". Ile "tu" ya bibi.

Nilimuuliza kwa nini wageni hawapewi hii. Hakuona aibu wala hakunikasirikia. "Mgeni amelipa apumzike, mwanangu. Ukimhuzunisha, kesho hamleti mwenzake. Na mimi nina watoto wanasoma." Halafu akaniuliza swali lililonikaa kooni: "Na nyinyi wa magazeti, mmeiandika lini?"

Sina jibu. Miaka kumi ya kazi nimeandika bei ya karafuu, bandari, uchaguzi. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Unguja wakati wa ukarabati, watu wawili walipoteza maisha. Nilisoma makala nyingi wiki ile, na karibu zote, pamoja na yangu mwenyewe, zilisimulia Sultan Barghash, mwaka 1883, mnara wa saa na umeme wa kwanza. Waliokufa walipata mstari mmoja. Sekunde thelathini. Kwa hiyo kabla ya kumnyooshea kidole mzee wa Pujini ilibidi nijisome mwenyewe, nikaona kwamba tumesoma skuli moja.

Hukumu yangu, basi, kwa kuwa uhakiki lazima uwe nayo. Ziara ya Pujini ni kazi nzuri iliyokatwa mahali pabaya. Utangulizi wake juu ya tuta ni bora kuliko riwaya nyingi nilizopokea kuzihakiki mwaka huu. Kisima kinachekesha, na kibaki. Lakini dakika kumi na nne kwa wake wawili na nusu dakika kwa mamia ya migongo ni kosa la mizani, si la adabu tu. Na hofu kwamba mgeni atanuna, naona haina msingi: yule mama wa Tivoli alielewa kwa sentensi moja, garini, jambo ambalo ziara nzima ilikuwa inamficha. Mpe mawe kwanza, kisha mpeleke kisimani. Atacheka bado, na atajua anacheka akiwa wapi.

Wewe msomaji wa Chake, Wete, Mkoani au Micheweni ambaye hujafika, nenda. Pita na Ras Mkumbuu pia ukiweza, penye msikiti na makaburi ya nguzo. Chukua mtembeza wageni, mlipe haki yake kama wanavyolipa wengine, lakini mwombe asimulie kwa Kiswahili. Mimi nilipomlipa yule mzee barazani alikataa mara mbili kabla ya kupokea. Akasema hadithi ile hajawahi kuiuza. Nikamwambia ndiyo maana naomba aanze.